Farasi Aliyekataa Kusimama

Anayebisha hodi Ijumaa asubuhi katika majengo ya Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha, huwa ni mleta maji ya kunywa, au jirani aliyeishiwa na chumvi, au mlinzi anayetaka mtu ashuke akaondoe gari. Gakii alifungua mlango huku kitana kikiwa bado kimekwama kwenye nywele, akitarajia mmoja wa hao. Badala yake alikuta kijana mrefu, mwembamba, amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja matangani. Alinukia majani makavu na sabuni ya kipande.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe ndiwe mwenye ile sauti?"

"Sauti gani?"

"Ile ya Samha."

Kabla Gakii hajajibu, Carolyne, mwenzake wa nyumba, akapaza sauti kutoka jikoni, alikokuwa akikaanga mandazi. "Ni nani huyo? Kama ni mposaji, mwambie arudi na wazee! Na mandazi hayatoshi!"

Kijana akainamisha uso, lakini kicheko kilimponyoka. Halafu kikakatika ghafla. "Tafadhali, tunaweza kuongea hapa kwenye ngazi? Sina muda, na si maneno ya watu wengi."

Gakii aliurudisha mlango nyuma yake. Alijua ni sauti gani. Jana yake alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya wapenda mbio. Ndani yake alimsifu farasi jike aitwaye Samha, ambaye angekimbia leo katika mbio ya nane, ile kubwa ya kufungia siku. Hakuna mwingine Doha nzima aliyekuwa akimtaja Samha. Mara ya mwisho alikuwa amemaliza wa sita.

Lakini Gakii alikuwa na namna yake ya kutazama mbio, na hakuipata chuo kikuu alikosomea takwimu. Aliipata kwa mama yake, Mwalimu Peninah, ambaye kwa miaka mingi alichagua wakimbiaji wa shule kule Nkubu. Watoto walipofika mwisho, kila mtu alimkimbilia mshindi kumbeba juu juu. Mwalimu Peninah peke yake aliangalia kwingine. "Mshindi hata kipofu anamsikia," alizoea kusema. "Wewe mtafute yule aliyevuka mstari na bado ana maneno mdomoni. Huyo hakukimbia leo. Huyo atakimbia kesho."

Basi Gakii, akiwa Doha akipokea simu za wageni katika hoteli moja, alianza kwenda uwanja wa mbio kule Al Rayyan kwa sababu kuingia ni bure na nyasi zake zilimkumbusha nyumbani. Huko hakuna kamari, sheria haitaki. Watu huja kutazama, kukisia, na kubishana hadi mishipa ya shingo iwatoke. Wengine wakimshangilia mshindi, yeye aliwaangalia farasi waliokuwa wakivutwa hatamu baada ya mstari. Na mara ya mwisho Samha, aliyezibiwa njia karibu na ukingo mbio nzima, alivuka wa sita, kisha akakataa kusimama. Joki aliyempanda alimvuta, akamvuta tena, naye akawapita wote watano waliomtangulia, akaenda karibu nusu ya kona kabla ya kukubali kutembea.

"Mimi naitwa Kiptoo," kijana alisema pale kwenye ngazi. "Mmoja wa kikundi chenu alinielekeza hapa. Ndimi ninayemtunza Samha. Namlisha, namwogesha, akiumwa na tumbo nalala mlangoni kwake."

"Basi hongera. Umemtunza vizuri."

"Hongera yako ndiyo imenileta." Akaizungusha kofia mikononi. "Mwenye zizi alituonya sote. Jina la huyu jike lisitoke nje. Anataka aingie kimya kimya, wapinzani wasijipange kumfungia njia tena. Jana mkubwa wa watunzaji akaletewa sauti yako. Mwanamke, kwa Kiswahili, anamsifu Samha kana kwamba amemnyonyesha. Dada, zizini kwetu kuna Wahindi, kuna Wasudani, kuna Wapakistani. Anayesema Kiswahili ni mimi peke yangu."

Gakii alirudi nyuma hatua moja. "Lakini hatujawahi hata kuonana!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Yeye atajuaje?"

"Nitakwenda nimweleze. Nitamwonyesha video ya mbio, nimwonyeshe pale alipokataa kusimama..."

"Umwambie wewe uliona kwa macho yako tu, kutoka jukwaani, kitu anachokificha kwa ukuta na kufuli?" Kiptoo alitabasamu kwa huzuni. "Hata mimi nilipoisikia niliapa kuna mtu ametoboa siri. Nikaanza kujishuku mwenyewe kwamba naongea usingizini."

Wote wawili wakacheka.

"Nimeambiwa hivi," akaendelea. "Huyo mwanamke akimtaja Samha tena leo, nifungashe virago. Nina wadogo zangu shuleni kule Iten, lakini si hao tu. Ni yeye mwenyewe, Samha. Hakubali kula kutoka mkono mwingine. Nimemlea tangu analetwa."

Hakujua, na angejuaje, alichokuwa akikiomba.

Siku hiyo Gakii alikuwa na mtihani. Bwana Munir, Mwomani aliyelelewa na bibi yake Mzanzibari na ambaye uteuzi wake wa farasi husomwa mtandaoni na wapenda mbio wengi wa Ghuba, alikuwa amesikia habari za binti Mkenya anayepatia kuliko wenye mashamba ya farasi. Akampigia simu. "Sikiliza, bibie," alimwambia kwa Kiswahili laini cha Unguja. "Ijumaa mbio nane. Kila mbio, kabla farasi hawajaingia malangoni, nitumie jina moja. Ukipatia sita, nakupa kona chini ya uteuzi wangu, useme maneno yako mawili matatu. Ukipatia saba, nakufungulia ukurasa wako mwenyewe, kwa Kiswahili kitupu. Chini ya sita, tunywe chai tuagane." Gakii hakulala vizuri tangu siku hiyo. Ukurasa wa Kiswahili! Aliwaona walinzi, madereva, akina dada wa majumbani, wakisoma mbio kwa lugha ya kwao, wakijifunza kutazama badala ya kubahatisha. Na ushahidi wake mkubwa, jina ambalo lingemtambulisha, lilikuwa Samha.

Akimwacha Samha, angebaki na mbio saba, na kukosea mara moja tu.

Alimtazama Kiptoo. Viatu vyake alikuwa amevisugua mpaka ngozi ikapauka, kwa ajili ya kuja kumwomba mtu asiyemjua.

"Sitamtaja," Gakii akasema.

"Na ukiulizwa kwa nini?"

"Nitanyamaza. Hata kwa huyu mwenzangu wa mandazi."

Kiptoo alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Mungu akubariki, dada. Sijui nikulipe nini."

"Mlishe vizuri," Gakii akasema. "Nenda, usichelewe."

Aliporudi ndani aliifuta ile sauti kwenye kikundi, ambako bado wachache tu walikuwa wameifungua. Carolyne, aliyekuwa amechungulia kutoka jikoni kabla mlango haujarudishwa, alimtolea macho. "Mposaji ameenda wapi?"

"Alikosea mlango."

"Kwa ule urefu? Mimi ningemwambia hajakosea."

Tony, binamu yake Carolyne, aliwachukua kwa gari lake wakaenda ibadani Mesaimeer. Gakii aliimba wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kujua anaimba nini. Hakuombea farasi, aliona aibu kumsumbua Mungu kwa mambo ya kwato. Aliomba tu apewe macho.

Na macho alipewa.

Mbio ya kwanza ilikuwa ya farasi wa Kiarabu kwenye mchanga, na kila mtu alikuwa upande wa dume mweusi wa joki maarufu. Gakii alisimama kwenye ua wanapozungushwa farasi kabla ya mbio. Akaona dume mweusi ametoka jasho shingoni kabla ya kazi kuanza, na nyuma yake mwekundu mmoja anatembea kama mwenye duka anayefungua milango asubuhi. Akatuma jina la mwekundu. Mwekundu akashinda bila kuguswa kiboko.

"Ya kubahatisha hiyo," Tony akasema.

Ya pili alikosea, na alijua kwa nini. Alikuwa ameona mwenyewe kwamba farasi wa lango la nje hana nafasi, lakini joki wake alikuwa ameshinda wiki mbili mfululizo, akakubali jina la mtu limfunike macho. Farasi akamaliza wa tisa. Gakii alifungua chupa ya maji, akanywa. Kosa lake moja limekwisha, na jua bado liko juu.

"Pole, mtaalamu," Tony akamchokoza. "Si uje tukufundishe kazi ya teksi?"

"Wewe mnyamazishe huyo," Gakii akamwambia Carolyne, "au nitamchagua yeye mbio ya tatu."

"Utakosa tena," Carolyne akajibu. "Huyu hata ngazi za kanisani anapumzika katikati."

Kuanzia hapo Gakii hakusikiliza majina ya majoki wala kelele za jukwaani. Mbio ya tatu alichagua farasi aliyekuwa akitolewa kwenye mchanga kupelekwa kwenye nyasi kwa mara ya kwanza, kwa sababu hatua yake ilikuwa ndefu na nyepesi, hatua ya kuelea, si ya kuchimba. Akashinda. Mbio ya nne alichagua aliyechoka mwishoni mara mbili zilizopita, maana leo safari ilikuwa imefupishwa. Akashinda. Ya tano akachagua mtulivu kati ya wakorofi, naye, baada ya wakorofi kuvutana mbele mpaka pumzi ikawaishia, akapita pembeni kama mtu anayekwenda sokoni mapema.

Sasa Tony hakuchokoza tena. Wakenya wengine waliokuwa wametawanyika jukwaani walianza kusogea, mmoja na kikombe cha chai ya karak, mwingine na mtoto begani. "Dada, ya sita ni nani?" "Haya, tuambie." Gakii akawaambia, na akawaambia pia sababu, akiwaonyesha kwa kidole: tazama masikio, tazama anavyoweka mguu wa nyuma pale pale alipotoa wa mbele. Mlinzi mmoja wa Kiganda, ambaye hajawahi kukaa karibu na farasi, akapiga kelele, "Naona! Kweli naona!" Farasi huyo wa mbio ya sita alipotangulia kuvuka mstari, mlinzi huyo ndiye aliyeruka juu kuliko wote, kana kwamba amemzaa yeye.

Ikabaki ya saba. Akipatia, kona ni yake. Akikosea, chai na kuagana.

Taa za uwanja zilikuwa zimewashwa na nyasi zimekuwa na rangi ya parachichi lililokatwa. Gakii alizunguka ule ua mara tatu akiwa na majina mawili kichwani: dume wa kijani, yaani yule ambaye joki wake alivaa kijani na hesabu zote zilimpenda, na dume mdogo aitwaye Rafiq, ambaye mara ya mwisho alishindwa kwa urefu wa pua tu lakini baada ya mstari alikuwa akitafuna hatamu kama anayeuliza, tumemaliza kwa nini? Akasikia sauti ya mama yake. Akatuma: Rafiq.

Mbio ilipoanza, dume wa kijani alikwenda mbele kwa urefu wa gari. Kwenye kona bado alikuwa mbele. Carolyne alishika mkono wa Gakii mpaka kucha zikazama. Walipoingia njia ya mwisho iliyonyooka, Rafiq akatolewa nje, akaanza kuja, akaja, akaja. Jukwaa zima lilisimama, na hao wawili wakavuka mstari pamoja, kichwa kwa kichwa, hakuna aliyejua.

"Picha!" watu wakapaza sauti. "Wanaangalia picha ya mstarini!"

Kila mtu aligeukia ubao mkubwa. Gakii hakugeuka. Aliwaangalia wale wawili baada ya mstari. Wa kijani alikuwa ameinamisha kichwa. Rafiq alikuwa bado anakimbia.

"Ni Rafiq," akasema kwa utulivu. Muda kidogo baadaye ubao ukasema hivyo hivyo, na kona yote ya Waafrika ya lile jukwaa ikalipuka. Carolyne alipiga kigelegele ambacho Mesaimeer haijawahi kukisikia. Tony alimnyanyua Gakii, akamzungusha, akamweka chini, akampigia saluti. "Nisamehe, mkuu! Nisamehe! Kuanzia leo nikupeleke kazini bure!"

Gakii alicheka huku machozi yakimtoka. Sita! Amefanya kwa macho yake, kwa njia ya mama yake, mbele ya watu, na kosa lake moja alilijua na kulikataa lisirudi. Furaha hiyo hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya.

Bwana Munir akapanda ngazi akija kwao, kanzu nyeupe pe, tasbihi kidoleni, uso wote meno.

"Bibie! Sita! Mimi mwenyewe leo nina nne. Sasa nambie ya nane, mbona hujanitumia? Farasi wanazungushwa tayari."

Gakii alitazama chini. Samha alikuwa pale, kahawia, mdogo kuliko wote, shingo imelegea, macho mapole. Anayemwongoza ni kijana mrefu mwenye kofia. Kijana hakuinua uso. Kila kitu ambacho Mwalimu Peninah alimfundisha kilikuwa kikimwambia Gakii jina moja.

Angeweza kutaja farasi mwingine, yeyote, ili kujaza nafasi. Lakini watu hawa walikuwa wametoka kujifunza kutazama, na wangemwamini. Hakutaka kuwapa asichokiamini.

"Ya nane siichagui, Bwana Munir."

"Huichagui?" Tasbihi ilisimama. "Mtoto wewe! Umemla ng'ombe mzima, mkia ukushinde? Moja tu, na ukurasa ni wako!"

"Najua."

"Basi unaogopa."

Yule mlinzi wa Kiganda alimtazama kama mtu anayemtazama kocha aliyeikimbia fainali. Carolyne akamvuta sikio. "Wewe, una wazimu? Si jana ulisema..."

"Carolyne."

"Lakini..."

"Nakuomba."

Farasi wakaingia malangoni. Milango ikafunguka. Mwanzo Samha hakuonekana, alikuwa katikati ya kundi, na moyo wa Gakii ulipiga ukitaka vitu viwili mara moja. Kwenye kona pengo likafunguka karibu na ukingo, na leo hapakuwa na wa kuliziba kwa sababu hapakuwa na aliyemwogopa. Jike mdogo akapita kwenye lile pengo na hapakuwa na mbio tena. Alikuja peke yake. Gakii alijikuta amesimama juu ya kiti, akipiga kelele bila jina, "Njoo! Njoo, mama, njoo!" mpaka sauti ikakauka. Samha alivuka mstari na, kama kawaida yake, akakataa kusimama. Chini, Kiptoo alikuwa ametupa kofia hewani na anamkimbilia nyasini, mikono wazi.

Jukwaa lilipigwa na bumbuazi. Bwana Munir alijishika kichwa. "Hakuna mtu! Hakuna mtu hata mmoja aliyemtaja!"

Carolyne hakuvumilia. Alitoa simu. "Bwana Munir, huyu alimtaja! Mimi nilimtumia dada yangu ile sauti, ninayo hapa, alimsifu tangu..."

Gakii akaweka kiganja chake juu ya kioo cha simu. Hakumkemea. Alimtazama tu rafiki yake, na Carolyne, aliyekuwa muuguzi na aliyezoea kusoma nyuso za watu wasiotaka kusema wanapoumia, akamtazama, kisha akageuza macho chini, kwa yule kijana mrefu aliyekosea mlango, sasa amemkumbatia farasi shingoni. Polepole akaitia simu mkobani.

Bwana Munir aliwatazama wote wawili. "Ulimwona au hukumwona, bibie? Nambie. Ukurasa mzima, kwa Kiswahili chako. Neno moja tu."

Sauti ya Gakii ilikuwa imekwisha kwa kushangilia, lakini ilitosha.

"Ya nane sikuichagua, Bwana Munir. Niandikie kona."

Bwana Munir akaguna, akatikisa kichwa, kisha akatoa kalamu kumwuliza jina lake linavyoandikwa.

Kule chini Samha alikuwa akirudishwa, ametandikwa vazi la ushindi, akipita mbele ya jukwaa huku watu wakimpungia. Kiptoo alipita chini yao kabisa, akitazama mbele. Gakii naye hakumpungia. Alipiga makofi pamoja na wengine, kama mtu ambaye hajawahi kumwona.